Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: somo kwa vikundi vya wafugaji, warina asali na washona shanga

Wanavikundi, habari za kazi. Kila mwaka wa fedha halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii ni sheria, iliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018 kama kifungu cha 37A. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ukarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya na uhakiki mkali zaidi.

Naandika hasa kwa wenzetu wa Longido, Simanjiro, Kiteto na Bonde la Eyasi. Wamasai, Wabarabaig na Wahadzabe wana kazi za mikono na mali za asili za kutosha, ila taarifa za fedha hizi huwafikia zikiwa zimechelewa.

Hatua ya 1: Watu na vitambulisho

Kikundi cha wanawake au vijana kisipungue watu 5, cha wenye ulemavu 2. Mwenye ulemavu aliyekosa wenzake anaweza kuomba peke yake. Wote wawe wametimiza miaka 18 na asiwepo mwenye ajira rasmi.

Anzeni na kitambulisho cha taifa (NIDA) kabla ya jambo lolote. Huku kwetu mama anaweza kuwa na wajukuu na hajawahi kushika cheti cha kuzaliwa. Asiye na namba aende kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji apate barua za utambulisho, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya. Msimwache nje ya kikundi kwa sababu ya karatasi, msubirini.

Hatua ya 2: Katiba, usajili, akaunti

Andikeni katiba fupi mnayoielewa, chagueni viongozi, wekeni muhtasari wa kikao wenye sahihi au dole gumba la kila mmoja. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaongoza kwenye usajili. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi.

Hatua ya 3: Andiko la mradi

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, na si kwa kukosa wazo. Wanaleta andiko lililonakiliwa kutoka kwa kikundi cha mjini: kuku 500 wa mayai mahali ambapo chakula cha kuku kinatoka kilomita 90. Kamati ya kata inayohakiki maombi ikifika kuwatembelea inauliza swali moja tu la bei na kila mtu anamtazama mwenyekiti.

Kaeni chini ya mti, wote, mhesabu wenyewe. Tuchukue unenepeshaji wa mbuzi, bei hizi ni za mfano, wekeni za mnada wenu:

Mbuzi 20 kwa 70,000 ni 1,400,000. Dawa ya minyoo, kuogesha, chumvi na pumba 260,000. Ushuru wa mnada, kibali cha kusafirisha mifugo na gari 140,000. Jumla 1,800,000. Baada ya miezi mitatu mnauza mbuzi 19 kwa 115,000, mnapata 2,185,000. Faida ni 385,000.

Mmeona nimeuza 19? Mmoja amekufa. Andiko lisilo na kifo hata kimoja linamwambia msomaji kuwa aliyeliandika hajawahi kufuga. Andikeni kifo, andikeni na ugonjwa, kisha semeni mtafanya nini.

La pili ni msimu. Ukame wa mwishoni mwa 2021 hadi mwanzoni mwa 2022 uliua makumi ya maelfu ya mifugo Simanjiro pekee. Mkipanga kununua mbuzi kiangazi kinapoanza na malisho yanaelekea kwisha, marejesho yatawakuta mnauza mifupa. Nunueni kiangazi kinapoelekea ukingoni bei ikiwa chini, mlishe mvua zikianza, muuze wanyama wamejaa. Ratiba ya marejesho iombeni ifuate hapo, na muiseme mapema, kabla ya kusaini mkataba.

Hatua ya 4: Maombi

Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha Portal. Mtandao ukisumbua, nendeni kata na nyaraka zote, afisa awasaidie kuingiza. Kamati ya kata inahakiki, kisha halmashauri na wilaya. Mkipitishwa mnapewa mafunzo, mnasaini mkataba, ndipo fedha zinaingia kwenye akaunti ya kikundi.

Na huu ni mkopo. Mtu akiwaambia ni hela ya serikali hairudishwi, anawaharibia ninyi na watakaofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kitumbeine: Shikamoo mwalimu. Sisi ni washona shanga, tunataka kuongeza mbuzi. Wanaume wetu wanasema fedha zikifika wataamua wao. Tufanyeje?

*Marahaba mama.* Msisubiri fedha zifike. Iteni kikao na wazee wa boma na laigwanani (kiongozi wa mila) mapema, someni mkataba kwa Kimasai, waelewe kuwa deni lina majina yenu na halmashauri itawafuata ninyi. Mbuzi wa mradi muwawekee alama yao na kuwaandika daftarini, wasichanganyike na wa boma. Mzee akishasema mbele ya watu kwamba mali hii ni ya kina mama, ni vigumu kurudi nyuma.

Kijana wa Yaeda Chini: Sisi Wahadzabe hatuna duka wala mifugo. Tuna asali. Inakubalika?

Inakubalika sana ndugu yangu. Ombeni mizinga ya kisasa, mavazi ya kurinia, ndoo safi zenye mifuniko na vifungashio. Andikeni mnaivuna miezi gani na mnamuuzia nani. Fedha za kaboni (malipo ya kutunza misitu) zinazoingia kijijini zina utaratibu wake, msizitaje kama mtaji wa kikundi.

Dada wa Mbulu: Nilisikia kwetu mikopo hii inapitia benki.

Mbulu Mji ilikuwa kwenye halmashauri 10 zilizoteuliwa kujaribu utaratibu wa benki. Yaeda Chini ipo Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, ambayo ni nyingine. Angalia kata yako ipo upande gani kabla hujapanda gari.

Katibu wa kikundi, Orkesumet: Kuna mtu anataka laki moja atuandikie andiko, anasema ana watu ndani.

Msimpe hata mia. Afisa Maendeleo ya Jamii analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Yeyote akidai chochote ili mpitishwe, pigeni TAKUKURU, 113, ni bure. Andiko andikeni kwa Kiswahili chenu, hata kwa mkono kwanza. Tumeni hesabu hapa nizipitie kabla hamjapeleka kata.