Batman wa Grant Morrison: uanzie namba gani, umalizie wapi

Kitabu cha kwanza cha Morrison nilikinunua kando ya barabara, hapa hapa Lubumbashi, kwa muuza vitabu vya mtumba. Jalada lilikuwa limechanika na kurasa mbili za mwisho hazipo. Kilikuwa R.I.P., kwa Kifaransa. Ndani yake Batman amevaa nguo nyekundu, njano na zambarau, ameshika gongo, anaongea na kijitu kinachoelea hewani. Nikasema mwenye kuchapisha amechanganya kurasa za bede mbili, yaani vitabu viwili vya hadithi za picha. Nikakisukuma chini ya godoro, kikakaa huko karibu mwaka.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Morrison, mtunzi kutoka Scotland, aliandika Batman tangu 2006 hadi 2013, na miaka yote hiyo ni hadithi moja, ila imegawanywa chini ya majina matano: Batman, Final Crisis, Batman and Robin, The Return of Bruce Wayne na Batman Incorporated. Hayo majina ndiyo yanayopoteza watu. Mimi nasoma kwa kufuata namna namba za majarida zilivyotoka, sifuati tukio gani lilitangulia lingine. Mtunzi huyu anaficha mambo makusudi; ukimpangia matukio kama kalenda, umefunua sufuria kabla ugali haujaiva. Kuna mahali ninapopinda kidogo, tutafika.

Hatua ya 1: Batman 655 hadi 675

Anza na 655 hadi 658. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, anapata habari kwamba ana mtoto, Damian, aliyezaliwa na Talia, binti wa adui yake Ra's al Ghul. Amelelewa na wauaji na hana heshima hata kwa mzee Alfred, mtumishi wa nyumba ya Bruce. Utamchukia, ni sawa, vumilia.

Ruka 659 hadi 662, aliziandika mtu mwingine. 663 itakushangaza: ni maandishi marefu yenye picha pembeni, si bede ya kawaida. Wengi wanaipita mbio, nami naona wanajinyima, maana Joker, yule adui mkubwa wa Batman, wa hadithi nzima anapikwa humo. Kisha endelea 664 hadi 669. Ukifika 666 utamwona Damian akiwa mtu mzima ndani ya vazi la Batman. Isome palepale ilipo, usiipeleke mwisho eti ni mambo ya baadaye. 670 na 671 ni kipande cha hadithi iliyotawanywa katika majarida kadhaa. Ukizikosa hutalala njaa. Malizia 672 hadi 675.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoangukia. Morrison alichukua hadithi za zamani, zile za Batman wa kuchekesha ambazo watu wazima walizionea aibu, akasema zote zilitokea kweli. Mwaka 2009 zilikusanywa katika kitabu kimoja, The Black Casebook. Huhitaji zote. Tatu zinatosha:

"The Batmen of All Nations" ya 1955, uisome kabla ya 667. Ni kikao cha mashujaa wa nchi mbalimbali waliomwiga Batman. Katika 667 wanarudi wakiwa wamezeeka, wengine wamenenepa, na mchoraji J.H. Williams III anamchora kila mmoja kwa mtindo wake, kana kwamba kila mtu ametoka kwenye gazeti lake mwenyewe akaja kuketi meza moja.

"Robin Dies at Dawn" ya 1963, uisome kabla ya 673. Batman anajitolea kufungiwa peke yake kwa ajili ya jaribio la kitabibu. Mwangalie vizuri yule daktari. Sisemi zaidi.

"The Superman of Planet X" ya 1958, kabla ya 678. Humo ndimo zilimotoka zile nguo nyekundu, njano na zambarau. Siku niliyoiona niliinua godoro nikatoa kitabu changu, nikakaa nacho hadi umeme ukakatika.

Hatua ya 2: R.I.P., 676 hadi 681

Namba sita, mchoraji Tony Daniel. Zisome kwa mfululizo, usichanganye na kitu kingine.

Hatua ya 3: Final Crisis

Zina namba 7. Soma 1 hadi 5, simama, soma Batman 682 na 683, halafu 6 na 7. Hizo mbili za katikati zinatokea ndani ya kichwa cha Batman akiwa mateka, na ukizikosa, anachofanya katika namba 6 kitaonekana kama kimeanguka kutoka mbinguni. Final Crisis yenyewe ni ngumu, imejaa watu wa Superman na miungu. Usipoelewa nusu yake, songa tu.

Hatua ya 4: Batman and Robin, pamoja na The Return of Bruce Wayne

Bruce hayupo. Dick Grayson, aliyekuwa Robin, msaidizi wa Batman, zamani, sasa ndiye Batman, na Damian ndiye Robin: mkubwa anacheka, mdogo amenuna. Soma 1 hadi 12. Kisha Return 1 hadi 5, na Batman 700 hadi 702. Rudi Batman and Robin 13 hadi 15. Hapa ndipo ninapopinda: soma Return 6 kwanza, ndipo ufungue Batman and Robin 16. Vinginevyo utamkuta msafiri sebuleni kabla hajamaliza safari.

Hatua ya 5: Batman Incorporated

Mtego: zipo mbili. Ya kwanza, 1 hadi 8, ilianza 2010 na inafungwa na Leviathan Strikes!. Mwaka 2011 DC, kampuni inayochapisha Batman, ilianza kuhesabu upya majarida yake, kwa hiyo 2012 Incorporated ikaanza tena namba 1 na kufika 13 mwaka 2013. Angalia mwaka, usiangalie namba peke yake. Na namba 8 ya 2013 usiisome ndani ya teksi.

MASWALI YENU

Kutoka Katuba: Yaya, niko na kitabu cha Batman and Robin peke yake. Nianzie hapo ao ningoje?

Anza, mdogo wangu. Namba 1 hadi 3, alizochora Frank Quitely, ndizo mlango mzuri kuliko yote kwa asiye na vingine. Tazama milipuko yake: moto wenyewe unajikunja kuwa herufi za mlio wake, na maji pia. Ukipenda, rudi 655.

Kutoka Kamalondo: 701 na 702 zinaeleza yaliyotokea kati ya R.I.P. na Final Crisis. Kwa nini usizipeleke hatua ya 3?

Kwa sababu zinajibu swali. Swali likutese kwanza, kama lilivyotutesa sisi.

Kutoka Bel-Air: Vitabu vyangu ni vya Kifaransa, namba hizi sizioni.

Fungua kurasa za mwanzo au za mwisho, zile za herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Namba za majarida ya Marekani mara nyingi zimeandikwa humo.

Mama mmoja wa Ruashi: Kijana wangu ana miaka kumi. Nimuachie?

Hapana, mama. Humo kuna Professor Pyg, anayebandika sura za midoli kwenye nyuso za watu. Mimi mwenyewe na ndevu zangu nililala taa ikiwaka.

Kutoka Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi): Ni kweli kuna Batman Mkongomani?

Kweli kabisa. Anaitwa Batwing. Alitokea Incorporated namba 5 ya 2011, ile ya kwanza, na mwaka huo huo akapewa jarida lake, lililoandikwa na Judd Winick, si Morrison. Ni David Zavimbe, polisi, aliyewahi kuwa mtoto askari, na mji wake ni Tinasha, ndani ya Congo yetu. Usiutafute kwenye ramani, haupo. Jina lenyewe linafanana na Tinashe, jina la Washona wa Zimbabwe. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akiita kijiji hivyo. Hata hivyo nilisoma, maana ni nani atakataa kumwona Batman akivaa sare ya polisi ya kwetu? Jarida lenyewe kwenye karatasi bado sijalishika. Mwenye nalo aniite, nitakuja mpaka Kenya kwa miguu.