Jinsi ya kuuandaa moyo mapema, kabla damu haijakatika

Baba mdogo alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Akianza tu ngazi kifua kinambana, anasimama ameshika ukuta, dakika tano hivi kinaachia, halafu akiendelea anafika juu bila shida, akawa anatwambia "moyo umeshapata moto". Tukaona kawaida. Haikuwa kawaida hata kidogo, mishipa inayoulisha moyo wenyewe ilikuwa imeanza kuziba, lakini hilo neno lake la moto lina ukweli ndani yake, moyo ukikosa damu kwa muda mfupi mfupi unajiandaa kustahimili ukosefu mkubwa, na ndo maana naandika.

Mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer pale Duke, Marekani, waliziba mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5 wakaachia dakika 5, mara nne, ndo wakauziba dakika 40 nzima. Misuli iliyokufa ikawa kama robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa! Kinga hiyo ya kwanza inakatika baada ya saa moja mbili, na haisubiri jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), inatumia vitu ambavyo seli inavyo tayari. Ila 1993 ikaonekana kinga inarudi tena baada ya kama saa 24 na inakaa hadi siku tatu, na hii ya pili ndo kazi ya jeni zenyewe, yani seli ikishtuka inaziwasha, zinatoa maelekezo ya kutengeneza protini mpya kama HSP70 inayonyoosha protini zilizopinda, na kimeng'enya cha MnSOD kinachozima sumu za oksijeni pale damu inaporudi ghafla. Protini hazitengenezwi kwa dakika mbili, ndo maana kinga inachelewa.

Sasa wewe ufanyeje? Mshipa huwezi kujiziba, ila mazoezi yanaamsha hicho hicho kimeng'enya. Kwanza kapime presha, sukari na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hasa kama umevuka 40 au kifua kimewahi kukubana, usianze kukimbia kwa hasira. Kisha tembea haraka hadi utoke jasho, nusu saa, siku tano kwa wiki, na dakika kumi za mwanzo nenda taratibu. Muhimu kuliko yote usiache siku nyingi zipite, kwa panya kinga ya mazoezi ilikuwa bado ipo siku 9 baada ya kuacha ila kufika siku 18 imeshapotea, kwaiyo aliyefanya sana mwaka jana akaacha huenda hana akiba yoyote ya kinga hii. Sukari nayo idhibiti kwelikweli maana kisukari kinaudhoofisha huu uwezo wa moyo kujiandaa.

Kuna watu wanahimiza kujibana mkono na mashine ya presha dakika tano tano eti kukinga moyo. Wazo lilitoka maabara kweli, lakini utafiti wa 2019 wenye wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo haukuona faida, usimuuzie mzee wako matumaini hayo.

Na kifua kikibana kwa kazi kisha kikaachia kama kwa baba mdogo, nenda kliniki ya moyo wiki hiyo hiyo. Kikibana umepumzika na dakika kumi zimepita hakijaachia, jasho baridi, maumivu yanapanda shingoni au mkono wa kushoto, hapo hakuna jeni ya kusubiri, mtu asitembee wala asiendeshe gari mwenyewe, mpelekeni hospitali yenye daktari wa moyo saa hiyo hiyo.