Dredi zenye afya kwa mtu asiye na muda: anza na siku ya kukauka

Wateja wengi wenye kazi nyingi wakikaa kwenye kiti changu huanza kwa kujitetea: sina muda, nimezitelekeza. Nikizishika nywele zenyewe nakuta hazijatelekezwa hata kidogo. Zimehudumiwa mno, ila kwa pupa. Jeli imepakwa juu ya jeli ya juzi, nywele zimeoshwa usiku na kufungwa zikiwa mbichi, na mashina yamesokotwa kila wiki mpaka mengine yamebaki nyuzi. Dredi hustahimili kuachwa. Zisichostahimili ni kazi ya saa tatu kulazimishwa iishe kwa nusu saa.

Ukitazama kazi yote ya kutunza dredi, kuosha hakuchukui muda, na kusokota unaweza kukugawa vipandevipande. Kukauka tu ndiko kusikogawanyika. Kwa hiyo ratiba yangu, na ile ninayowapangia wateja wenye zamu na safari, huanzia hapo.

Hatua ya 1: Jua dredi zako zinakauka kwa muda gani

Chagua siku moja ya mapumziko, osha asubuhi na mapema, kisha angalia saa. Kipimo chako ni dredi iliyo nene kuliko zote, na mara nyingi iko nyuma, karibu na kisogo. Kila baada ya saa moja ibane katikati kwa vidole viwili, ikunje, kisha iguse kwa midomo. Ikiwa ya baridi, kuna maji ndani hata kama kwa nje inaonekana kavu kabisa. Dredi changa na nyembamba zinaweza kukauka ndani ya saa mbili au tatu. Zilizokomaa, nene na zinazofika mgongoni, zinaweza kumaliza mchana wote na bado zikawa na unyevu moyoni.

Muda utakaoupata ndio utakaokuambia siku ya kuosha. Kama zinahitaji saa nane, usiangalie siku ambayo una nafasi ya kuosha. Angalia siku ambayo utakuwa na saa nane za kutembea na nywele zilizoachiwa, bila kofia, bila kilemba, bila kulala. Kwa anayefanya zamu za usiku, huenda siku hiyo ni asubuhi ya siku yake ya mapumziko na si wikendi.

Wengi hutosheka na kuosha kila baada ya wiki mbili. Mwenye mba au anayetoka jasho sana aoshe kila wiki. Zikipita wiki nne umeshachelewa. Na tafadhali, ile habari kwamba dredi hazioshwi ili zishikane vizuri iachwe. Nywele zenye mafuta huteleza. Nywele safi ndizo zinazokamatana. Kama dredi zako bado ni changa na unaogopa zitafumuka, vaa kofia ya wavu wakati wa kuosha na upitishe povu juu yake.

Hatua ya 2: Osha ngozi, dredi zitaoshwa na povu

Chukua shampuu nyepesi, inayoonyesha ng'ambo, isiyo nzito kama losheni. Shampuu za krimu zina vilainishi ambavyo kwenye nywele za kuchana huondoka, lakini ndani ya dredi hubaki. Ichanganye kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, sehemu moja ya shampuu kwa sehemu nne au tano za maji. Imwagie moja kwa moja kwenye mistari ya ngozi, sugua kwa nyama za vidole, si kwa kucha, halafu likamulie povu kwenye dredi kuelekea chini. Rudia mara ya pili.

Kusuuza ndiko wenye haraka hukosea. Kupe muda mara mbili ya ule uliotumia kuosha. Gawa kichwa mafungu manne, simama chini ya maji, na kila fungu likamue kutoka shinani hadi nchani mpaka maji yanayotoka yawe hayana povu wala utelezi. Sabuni iliyobaki ndani haitoki yenyewe. Hukauka, hunasa vumbi, na baada ya miezi inakuwa ule utando wa kijivu ambao watu huudhania mba.

Kondishena nzito siitumii kwenye dredi. Anayependa siki ya tufaha aipunguze makali kwa maji mara nne au zaidi, asimwage penye kidonda, na asuuze vizuri. Wapo wanaochanganya siki na soda ya kuokea ndani ya beseni moja, wakiona yale mapovu wanaamini uchafu unatoka. Hizo mbili huuana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi, na povu lilikuwa ni hewa tu.

Hatua ya 3: Kausha kwa kubana, si kwa kusugua

Bado ukiwa bafuni, kamua fungu kwa fungu kwa mikono mpaka maji yaache kudondoka. Kisha zungushia fulana kuukuu ya pamba, ile laini iliyofuliwa mara nyingi, na ubane. Usisugue. Taulo la kawaida lenye vinyuzi huacha vinyuzi hivyo ndani ya dredi, na vikishaingia havitoki kwa maji. Fulana ya kwanza ikilowa, chukua ya pili iliyo kavu na urudie kwa nguvu zaidi, hasa kwenye dredi nene za nyuma. Fulana hiyo ya pili inapunguza muda wa kukauka kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na wengi hawafiki huko.

Baada ya hapo ziachie, zitenganishe kwa vidole, na upepo ufanye kazi. Ukitumia draya, weka joto la wastani na uanze na mashina, kwa sababu ngozi ikikaa na unyevu ndiyo inayoanza kuwasha. Joto kali hukausha ganda la nje tu na kukudanganya.

Dredi zilizofungwa au kulaliwa zikiwa mbichi hutoa uvundo. Mwanzoni hauusikii zikiwa kavu. Unausikia siku ya kuosha, maji yanapozigusa. Hiyo ni dalili kwamba ndani hapajawahi kukauka vizuri kwa muda, na tiba yake haiwi manukato. Osha tena, suuza mpaka basi, na safari hii zikaushe mpaka moyoni. Kama una safari ya saa kumi na mbili asubuhi kesho, usioshe leo usiku. Dredi chafu ya siku tatu zaidi haina madhara yoyote.

Hatua ya 4: Retachi (kusokota mashina upya) chache, na kwa vipande

Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Kwa hesabu hiyo, ukiretachi baada ya wiki mbili kuna nusu sentimita tu ya nywele mpya. Huna cha kusokota. Unachofanya ni kuikaza tena nywele ileile ya zamani, na shina ndilo linalolipa. Subiri wiki nne hadi sita; dredi zilizokomaa zinaweza kufika nane bila shida. Vinywele vinavyosimama juu ya kichwa si uchafu wala si aibu, ndiyo dredi ya kesho.

Huna saa tatu za kukaa kitako? Gawa kichwa. Leo sokota mistari ya mbele na ile ya pembeni, inayoonekana ukifunga nywele. Katikati na nyuma zisubiri wiki ijayo. Hapa huna haja ya kulowesha kichwa kizima: puliza maji kwenye shina unalolishughulikia, weka jeli ya mshubiri kiasi cha kufunika ncha ya kidole kwa mashina matatu au manne, sokota kuelekea upande uleule uliozoeleka, bana kwa kibanio, nenda kwenye lingine. Ukibadilisha upande unaifumua kazi ya mwezi uliopita.

Nta na mafuta ya mgando viweke mbali. Vinashika vizuri siku ya kwanza, ndiyo maana vinapendwa, lakini maji hayaviyeyushi na shampuu huvipunguza kidogo tu. Nimewahi kupasua dredi iliyokatwa nikakuta mstari mweupe wa nta katikati, laini bado, wakati mwenyewe alikuwa ameacha kuitumia zamani.

Kuhusu kukaza: ukimaliza, nyanyua nyusi na ukunje uso. Kama ngozi ya paji inagoma, au usiku unatafuta upande wa kulalia kwa maumivu, umekaza mno. Vipele vidogo kwenye kingo za nywele ni onyo la pili. Ukivutwa hivyo mwezi baada ya mwezi, kingo huanza kurudi nyuma. Ukiacha mapema nywele huota tena. Ukiendelea, vinyweleo hugeuka kovu na hapo hazioti.

Wanaoogelea au kufanya mazoezi kila siku huuliza kuhusu kupitisha, yaani ile njia ya kuingiza ncha ya dredi ndani ya shina lake badala ya kusokota. Kwa mtu mwenye shughuli ni nzuri kweli, maana haifumuki kwa maji. Ila ipitishwe kwa kubadilisha pande, la sivyo shina linabaki na tundu na kugawanyika mara mbili, na isifike kwenye ngozi kabisa. Sindano ya krosheti, ile yenye ndoano ya kuvutia nywele ndani ya dredi, mwachie anayeijua. Kila inapoingia kwa nguvu inakata nywele kadhaa, na wewe huzioni zikikatika.

Hatua ya 5: Dakika zako za asubuhi na usiku

Asubuhi, kama nywele zimekauka mno, puliza maji kidogo tu. Maji matupu yanatosha. Mafuta hayaleti unyevu, yanauzuia usitoke, kwa hiyo huja baada ya maji: matone mawili matatu ya mafuta mepesi kama jojoba kwenye ngozi, mara moja au mbili kwa wiki. Usiku usipulize kitu, unakwenda kulalia.

Mwenye mba asipake mafuta kichwani. Fangasi anayehusika na mba huishi kwa mafuta ya ngozi, na mengi ya kupaka humwongezea chakula. Tumia shampuu ya mba, ile yenye ketokonazo au zinki, kwenye ngozi tu, iache dakika tatu hadi tano, kisha suuza kama nilivyoeleza. Mabaka yasiyo na nywele, usaha au magamba yasiyopungua baada ya wiki kadhaa ni kazi ya daktari wa ngozi, si ya msusi.

Usiku vaa kofia ya satini, au weka foronya ya satini kama kofia huwa inakuvuka usingizini. Foronya ya pamba husugua na kuacha nyuzi. Sweta na skafu za sufu hufanya hivyo mchana, kwa hiyo siku ya kuzivaa funga dredi juu.

Siku za mazoezi si lazima kuosha. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo inasubiri siku ya kuosha bila ugomvi. Fungua nywele mara tu ukimaliza, futa mistari ya ngozi kwa kitambaa chenye unyevu, pitisha draya ya hewa baridi kwenye mashina. Anayevaa helmeti avae kofia nyepesi ya satini chini yake, na aifue kila baada ya siku mbili tatu.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa mwezi

Kila mwezi, siku uliyoosha na nywele zikiwa zimeanza kukauka, pitia kichwa kizima kwa vidole. Unatafuta vitu viwili. Kwanza, mashina yaliyoanza kuungana. Shika dredi mbili jirani, moja kila mkono, uzivute taratibu zikiachana mpaka kwenye ngozi. Zikiungana wiki chache utasikia tu zikikatika kidogo; ukiziacha miezi, utahitaji mkasi.

Pili, mashina yaliyokonda. Simama dhidi ya mwanga na ulinganishe shina na mwili wa dredi. Likipungua nusu ya unene, acha kulisokota kabisa kwa miezi miwili au mitatu, liache liote lilivyo, na usilivute ukifunga nywele. Kama dredi ni ndefu sana, punguza urefu. Uzito wake unaning'inia kwenye shina hilohilo. Iliyobaki na nyuzi chache inaweza kuunganishwa na jirani yake kabla haijakatika, na kazi hiyo ni ya dakika kumi kwa msusi.

Ukienda kwake nenda na nywele kavu, zisizopakwa chochote siku hiyo, na umwambie uliosha lini. Mwambie pia kingo zako zisivutwe. Akisema bila kukaza hazitadumu, mwambie ni sawa, zisidumu.