Kupiga picha nebula hafifu za sayari ukiwa Nakuru au Kisumu

Nebula za sayari ni mawingu ya gesi yaliyotupwa na nyota zinazokufa. Ukitaka kuzipiga picha karibu na ikweta, kinachokukwamisha kwanza ni kiweko cha darubini wala si kamera. Miongozo mingi inakuambia uelekeze mhimili, yaani ekseli ambayo kiweko huizunguka kufuata nyota, kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapa kwetu nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti, vilima na ukungu, na ncha ya anga ya kusini nayo imelala vivyo hivyo. Bila mhimili uliokaa sawa, picha za dakika tano tano zitatoka na nyota zilizorefuka kama punje za mchele.

Angalia kwanza kama mhimili wa kiweko chako unashuka hadi digrii 0, yaani ulale kabisa. Vingi huishia 15 au 20. Kuinamisha tripodi yenyewe ni kujitakia hasara, maana uzito wote unahamia mguu mmoja na mtu akiigusa tu inaanguka. Mwambie fundi wa kuchomelea wa jua kali akutengenezee kabari ya kukaa kati ya tripodi na kiweko: mabamba mawili ya chuma ya milimita 10, bawaba upande mmoja, na boliti za milimita 12 za kukaza pande zote. Ikiwa kiweko kinaishia digrii 15 na bamba lina urefu wa sentimita 20, basi upande wa kusini unainuliwa kama sentimita 5 mhimili unapotazama kaskazini. Geuza tripodi ili uzani wa kusawazisha ushuke katikati ya miguu miwili. Ukishuka juu ya mguu, utaugonga usiku darubini ikizunguka.

Laza mhimili kwa pimamaji, uelekeze kaskazini kwa dira, kisha umalizie kwa nyota. N.I.N.A., programu ya bure, ina nyongeza inayopima kosa la mhimili kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga, bila kuhitaji kuiona ncha ya anga. Usipokuwa na kompyuta, chagua nyota iliyo karibu na utosi (juu kabisa ya kichwa chako) na uitazame dakika kadhaa bila kusahihisha: ikihamia kusini, mhimili umeenda mashariki mno, ikihamia kaskazini, umeenda magharibi mno. Kisha chukua nyota iliyo mashariki, digrii 20 hadi 30 juu ya upeo: ikihamia kusini, inua mhimili; ikihamia kaskazini, ushushe. Rudia hatua zote mbili, kwa sababu ukirekebisha moja unaivuruga nyingine kidogo.

Kuhusu shabaha, Helix (NGC 7293) katika kundinyota la Ndoo ndiyo inayosifiwa zaidi, na hapa inakaa zaidi ya digrii 30 juu ya upeo kwa zaidi ya saa saba. Tatizo ni kwamba wakati wake ni Agosti na Septemba, na magharibi mwa Kenya miezi hiyo bado ina mvua. Kwa hiyo ni heri kuanza na Medusa (Abell 21) katika Mapacha, ambayo katikati ya Januari, wakati wa kiangazi, hufika juu kabisa kama saa sita na nusu usiku. Ukiwa ukingoni mwa Menengai, Medusa inapita kaskazini ya utosi huku taa za mji wa Nakuru zikiwa kusini, nyuma yako. (Usiende peke yako.) Kisumu, hata anga ikiwa safi juu yako, radi za mbali ziwani huangaza picha nzima, kwa hiyo kagua picha moja moja kabla ya kuziunganisha.

Nuru ya nebula hizi imejikusanya katika mistari michache, yaani rangi chache finyu sana: oksijeni kwenye nanomita 500.7 na 495.9, na haidrojeni kwenye 656.3. Filta ya bendi mbili, inayopitisha nuru ya oksijeni na haidrojeni tu, kwenye kamera ya rangi inatosha. Kamera ya kawaida isiyofanyiwa marekebisho huzuia sehemu kubwa ya nuru ya haidrojeni, lakini oksijeni inaipokea vizuri. Mwanga wa mwezi huharibu picha za oksijeni kuliko za haidrojeni. Mwenye filta mbili tofauti aiachie oksijeni usiku wa giza.

Piga picha za sekunde 300, jumla ya saa nane au zaidi hata kwa usiku kadhaa, na kila baada ya picha mbili au tatu isogeze darubini pikseli chache. Usipoisogeza, kelele za sensa zitajipanga kama michirizi, na hazitoki baadaye. Kisumu, usiku ukiwa na nyuzi 20, kama kamera yako ina kipozaji, ipoze sensa hadi -5 tu. Ukilazimisha -10, kipozaji kitafanya kazi karibu na kikomo chake na kumaliza betri. Kiweko, kamera na mkanda wa kupasha lenzi vikivuta ampea 5 pamoja, saa nane ni ampea-saa 40: betri ya risasi iwe 80 au zaidi, kwa kuwa haifai kushushwa chini ya nusu. Mkanda uwashe kabla ya umande, si baada. Karibu na ziwa zima taa nyeupe zote, la sivyo wadudu watajaa kwenye lenzi.

Ukimaliza, kabla ya kutenganisha vifaa, piga picha 30 za mwanga sawa (za kitu cheupe chenye mwanga ulioenea sawasawa, za kusahihisha vumbi na kingo zenye giza), fokasi na filta zikiwa palepale. Za giza (lenzi ikiwa imefunikwa, muda uleule) 20 au 30 unaweza kuzipiga siku nyingine kwa joto lilelile la sensa. Unganisha kwa programu ya Siril, ondoa mteremko wa mwanga wa nyuma (anga kung'aa zaidi upande mmoja wa picha) kabla ya kuinua mwangaza, kisha weka haidrojeni kwenye rangi nyekundu na oksijeni kwenye kijani na bluu. Ukiona duara la mwanga kuzunguka nyota kubwa, usilitafutie dawa kwenye programu. Mara nyingi hilo ni la filta.