Somo: Kuandaa maabara ya simuleta kwa mafunzo ya waendesha mitambo mizito

Vyuo vya ufundi vinavyofundisha uendeshaji wa mitambo huelemewa na jambo lilelile: wanafunzi ni wengi, mtambo ni mmoja, na dizeli haishikiki. Ekskaveta (mtambo wa kuchimba) ya tani 20 ikiwa kazini hutumia kwa kawaida lita 12 hadi 20 kwa saa, na katika saa hiyo anayejifunza ni yule aliyeko kwenye kiti tu, wenzake wakiwa wamesimama kando wakitazama. Maabara ya simuleta, yaani kiti, leva na skrini vinavyoigiza mtambo halisi, hupunguza msongamano huo, ila iandaliwe kwa kuanzia na somo, si kwa kuanzia na katalogi ya muuzaji.

Hatua ya kwanza: andika makosa unayotaka kuyaondoa

Kabla ya kuomba bei popote, keti na maopereta wazoefu pamoja na msimamizi wa usalama wa mgodi au wa kampuni ya ujenzi itakayowaajiri vijana wako, mwandike makosa yanayojirudia: kupitisha baketi (ndoo ya kuchotea udongo) juu ya kabini ya dampa (lori la kubeba udongo), kuzungusha bumu (mkono mkuu wa ekskaveta) bila kutazama upande wa nyuma, kuchimba karibu mno na ukingo, kusukuma udongo kwa ubavu wa baketi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama unahitaji simuleta ya ekskaveta, ya dampa, ya greda au ya kreni, na mazoezi gani yawemo ndani ya programu. Chuo kilicho karibu na migodi ya Geita hakina sababu ya kununua mazoezi yaleyale yanayofaa chuo kinachoandaa vijana wa kujenga barabara.

Hatua ya pili: chagua vifaa kwa kutazama leva kwanza

Wanunuzi wengi huvutiwa na ukubwa wa skrini. Mimi nawasihi watazame leva kwanza, kwa kuwa mkono ndio unaofundishwa. Ekskaveta zina mipangilio miwili mikuu. Katika mpangilio wa ISO (shirika la kimataifa la viwango), leva ya kushoto huzungusha kabini pamoja na bumu na pia husogeza stiki (mkono wa pili, unaoshika baketi), ilhali ya kulia huongoza bumu na baketi. Katika mpangilio wa SAE (chama cha wahandisi cha Marekani), bumu huhamia leva ya kushoto na stiki huhamia ya kulia. Mwanafunzi aliyezoeshwa ISO akiketi kwenye mtambo wa SAE, atasukuma leva ya kushoto mbele akitaka kunyoosha stiki, na badala yake bumu litashuka. Kama kuna fundi anayepima kina ndani ya mtaro, hapo ni mauti. Kwa hiyo simuleta iwe na mpangilio uleule wa mitambo iliyopo uwanjani kwako, au iweze kubadilishwa, na mwalimu awaonyeshe wanafunzi tofauti hiyo waziwazi.

Muulize muuzaji pia kama programu hufanya kazi bila intaneti, leseni yake hulipiwa mara moja au kila mwaka, na nani atakayeleta leva mpya pindi ya kwanza itakapoharibika. Kampuni kama Immersive Technologies ya Perth, Australia, na ThoroughTec ya Durban, Afrika Kusini, hutengeneza simuleta za mitambo ya migodini. Ziko pia simuleta ndogo za mezani zinazotosha kwa hatua za mwanzo.

Hatua ya tatu: chumba na umeme

Pima upana wa mlango kabla ya kuagiza. Sakafu iwe ya zege iliyosawazishwa, hasa kama kiti kina jukwaa linalotikisika. Madirisha yawe na mapazia mazito, na kiyoyozi kiwepo kwa sababu skrini na kompyuta hutoa joto jingi. Kila kituo kiwe na stebilaiza (ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka) na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na fundi umeme aikague ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini). Meza ya mwalimu iwekwe mahali anapoona mikono ya mwanafunzi, si skrini peke yake.

Hatua ya nne: panga mazoezi

Anza na kupanda kabini, kufunga mkanda na kufungua kizuizi cha usalama, kisha leva moja moja, kisha mbili kwa pamoja, ndipo mtaro na upakiaji. Zamu moja isizidi dakika 20. Macho yakiona mwendo ambao mwili hauusikii, baadhi ya wanafunzi hupata kichefuchefu, na aliyeumwa namna hiyo asilazimishwe kuendelea. Katika kutoa alama, usalama utangulie, usahihi ufuate, kasi iwe ya mwisho. Hatari zisizoweza kujaribiwa kwenye mtambo halisi, kama breki kufeli mteremkoni au moto kwenye injini, zitengewe vipindi vyake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shinyanga: Je, saa za simuleta zinaweza kuchukua nafasi ya saa za mtambo?

Hapana. Simuleta haifundishi kukagua oili kwa kijiti, kuona haidroliki inayovuja chini ya bumu, wala kuusikia udongo ukibadilika kutoka kichanga kuwa mwamba. Inachofanya ni kumfikisha mwanafunzi uwanjani mikono yake ikiwa tayari, ili dizeli itumike kwa mambo hayo.

Mwanachama wa Mbeya: Bajeti yetu ni ndogo. Miwani ya uhalisia pepe inafaa kuliko skrini tatu?

Miwani humpa mwanafunzi uwezo wa kugeuza kichwa na kukadiria umbali, jambo zuri sana kwa upakiaji. Hata hivyo huongeza kichefuchefu kwa baadhi ya watu, huhitaji kusafishwa kila zamu, na humficha mwanafunzi mikono yake mwenyewe. Kwa wanaoanza ningechagua skrini.

Mwanachama wa Mwanza: Mwalimu wetu ni opereta hodari lakini haijui kompyuta. Tuajiri kijana wa TEHAMA afundishe?

Mwacheni opereta afundishe. Kijana wa TEHAMA awashe vifaa, atunze programu na achapishe ripoti za alama. Kijana huyo ataona baketi imegonga dampa. Opereta atakuwa ameona sekunde tatu kabla kwamba mwanafunzi alianza kuzungusha bumu bila kugeuza kichwa, na hapo ndipo penye kusahihishwa.