Somo: Kuandika fanksheni ya gama kwa C bila kufurika njiani

Faktoria kila mtu anaijua: 5! ni 120, unazidisha kwa kitanzi na kazi imekwisha. Ukihitaji faktoria ya namba yenye desimali, kama inavyotokea kila mara kwenye takwimu, kitanzi hakikusaidii. Hapo inaingia gama: Γ(n) ni (n−1)!, na desimali inazikubali. Hiyo "toa moja" iangalie sana. Γ(5) ni 24, si 120. Tuliachiwa na Legendre, mwanahisabati Mfaransa, na mpaka leo inatukosesha.

Maktaba ya C ina tgamma (gama yenyewe) na lgamma (logi ya gama) tangu C99, toleo la C la mwaka 1999, na kwa kazi ya kweli tumia hizo. Hapa tunaandika ya kwetu ili tuone panapouma.

Hatua ya 1: kanuni. Ya Stirling inafaa x ikiwa kubwa, ikiwa ndogo inayumba. Mimi natumia ya mwanahisabati Cornelius Lanczos, ya mwaka 1964. Ndani yake kuna g, namba unayoichagua mwenyewe: kwa g = 7 na vizidishi 9 unapata tarakimu sahihi zipatazo 15.

Hatua ya 2: upande wa hasi. x ikiwa chini ya 0.5, igeuze: Γ(x)Γ(1−x) = π / sin(πx).

Hatua ya 3: msimbo.

```c
#include <math.h>

double gama(double x)
{
    static const double c[9] = {
        0.99999999999980993, 676.5203681218851,
        -1259.1392167224028, 771.32342877765313,
        -176.61502916214059, 12.507343278686905,
        -0.13857109526572012, 9.9843695780195716e-6,
        1.5056327351493116e-7 };
    const double pi = 3.14159265358979323846;

    if (x < 0 && x == floor(x))
        return NAN;
    if (x < 0.5)
        return pi / (sin(pi * x) * gama(1.0 - x));

    x -= 1.0;
    double a = c[0], t = x + 7.5;
    for (int i = 1; i < 9; i++)
        a += c[i] / (x + i);
    double p = pow(t, 0.5 * (x + 0.5));
    return sqrt(2.0 * pi) * a * p * exp(-t) * p;
}
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo roho ya somo hili. Kanuni ukiinakili kama ilivyo utaandika `pow(t, x + 0.5) * exp(-t)`. Utajaribu 5, utajaribu 20, majibu safi, utalala. Kisha mtu ataweka 143 apate inf, yaani namba imezidi ukubwa wa double. Jibu lenyewe, 142!, ni kama 2.7e245 tu, na double inabeba hadi 1.8e308. Kilichofurika ni pow, kabla exp haijapata nafasi ya kuishusha. Kwa hiyo tunaipandisha nusu, tunaishusha kwa exp, kisha tunamalizia nusu iliyobaki. Mpangilio huo wa kuzidisha usiubadilishe kwa ajili ya urembo. Maktaba ya C iitwayo musl nayo inaigawa pow hivyo hivyo.

Mtego wa pili ni ule mstari wa NAN (yaani "si namba"). Kwenye namba kamili hasi gama haina thamani, lakini π ya kompyuta imekatwa, hivyo sin(−π) haitoki sifuri kamili. Ondoa mstari huo, na gama(-1.0) itakupa takriban −2.57e16 bila aibu yoyote. Afadhali kupewa NAN kuliko kupewa namba ya uongo.

Hatua ya 4: kujaribu. gama(0.5) itoe 1.7724538509, yaani kipeuo cha pili cha π. gama(-0.5) itoe −3.5449077018. gama(171.0) itoe kama 7.257e306. Huku juu usitegemee tarakimu 15: kosa dogo ndani ya t linakuzwa na pow, zinabaki kama 13.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kompaila inaniambia undefined reference to `pow'. Na math.h nimeiweka.*

math.h ni tangazo tu, fanksheni zenyewe ziko maktaba ya hesabu. Andika `cc gama.c -lm`, hiyo -lm ikae mwisho.

*Nikiweka 172 napata inf hata kwa tgamma. Ni kosa?*

Hapana. 171! haiingii kwenye double, hakuna ujanja. Ila mara nyingi huihitaji yenyewe, unahitaji uwiano. Njia za kuchagua watu 100 kati ya 200: `exp(lgamma(201) - 2*lgamma(101))`, unapata kama 9.05e58. Utapoteza tarakimu mbili tatu za mwisho kwa sababu ya logi.

*Kaka, lgamma(-0.5) imenipa 1.2655, nikiweka exp napata 3.54 chanya. Alama ya kutoa imeenda wapi?*

Logi inachukuliwa kwenye thamani bila alama. Alama inaachwa kwenye kigeu cha pamoja, signgam. Programu yako ikiwa na thredi nyingi zitaandikiana juu yake, hivyo tumia lgamma_r, inayoiweka alama kwenye kigeu chako mwenyewe, pale ilipo.

*Nimeona kuna nyingine inaitwa gamma tu. Hiyo je?*

Iache. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, ni jina jingine la lgamma, kwenye mfumo wa zamani wa 4.4BSD ilirudisha gama yenyewe. Ndiyo maana tgamma ikapewa ile t ya mbele: gama ya kweli.