Ofisi yenye joto: anza na dari kabla ya kununua kiyoyozi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kaskazi imeingia, na hapa Malindi katika ofisi nyingi rimoti za viyoyozi zimeshashushwa hadi nyuzi 18, na bado watu wanajipepea kwa faili. Msikimbilie mashine ya pili. Fanyeni hivi.

Kwanza, saa nane mchana panda juu ya kiti, sogeza kiganja karibu na dari. Ofisini kwetu, chini ya mabati, joto lilinifikia kabla sijaigusa. Dari kama hiyo itakuchoma hata hewa ikiwa baridi, kwa sababu mwili hupokea joto moja kwa moja kutoka kwa kitu cha moto kilicho karibu. Fanger, mtafiti wa Denmark, mwaka 1970 alihesabu mambo sita yanayomfanya mtu asikie joto au baridi: joto la hewa, joto la kuta na dari, mwendo wa hewa, unyevu, nguo, na kazi unayofanya. Rimoti inashughulika hasa na lile la kwanza.

Kwa hiyo paka mabati rangi nyeupe, kisha weka kivuli nje ya madirisha ya magharibi. Nje, nasisitiza! Pazia la ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia.

Pili, feni ya dari. Inakula wati 75 hivi; kiyoyozi kidogo hukaribia 1,000. Washa feni, pandisha rimoti hadi 26. Ukitoka izime, maana feni humpoza mtu, haipozi chumba.

Tatu, osha filta ya kiyoyozi.

Nguo pia. Japani mwaka 2005 serikali iliwaambia watu wa maofisini wavue tai na makoti, viyoyozi viwekwe 28.

Maswali ya wanachama

Lamu: Ofisi yetu ni nyumba ya mawe, Mji wa Kale. Asubuhi pazuri, jioni panafukuta. Kwa nini?

Jibu: Kuta nene hunywa joto mchana kutwa, jioni zinalitoa. Fungueni madirisha usiku, na kile kiwanda (ua wa ndani) cha katikati msikiezeke mabati: ndimo joto linamopandia.

Malindi: Mwalimu, nikiweka 18 si chumba kitapoa haraka?

Jibu: Kiyoyozi cha kawaida, kisicho na inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mashine), husukuma nguvu ileile. Kinachozidi ni muda wa kufanya kazi bila kupumzika, na tokeni zinakwisha.

Malindi: Mwenye nyumba amekataa mabati yasipakwe rangi.

Jibu: Pole, dada. Hamisheni meza mbali na ukuta wa magharibi, mfunge feni. Kwa hayo hatakuwa na neno.